Nipate Kurudi: Salamu za Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu, Kristo amefufuka. Aleluya tuliyoiweka kimya tangu Jumatano ya Majivu imerudi midomoni, na waliokesha jana usiku huenda bado wanabandua nta ya mshumaa vidoleni. Nawatakieni heri ya Pasaka nyote: wazima na wagonjwa, mliofika kanisani familia nzima na mliofika peke yenu, hata ninyi ambao hamkufika kabisa na mnapitisha macho tu hapa.

Salamu zangu za mwaka huu zina aibu kidogo ndani yake. Siku chache kabla ya Juma Kuu nilikwenda kuungama. Nikataja dhambi zangu, padre akanipa ushauri, kisha akaniambia nisali Sala ya Kutubu, ile sala fupi ya kumwambia Mungu kwamba tunajutia dhambi. Nikaitoa kama mtu anayetaja namba yake ya simu, pumzi moja mpaka Amina. Kimya. Nikawa nasubiri padre aniondolee dhambi, badala yake sauti yake ikatoka upande wa pili wa wavu unaotutenganisha: "Rudia. Polepole, kama unaongea na mtu."

Nikakwama. Sala niliyofundishwa kabla ya Komunyo ya Kwanza, nilipoipunguzia mwendo tu, sikujua neno linalofuata ni lipi! Ikabidi nianze upya, neno kwa neno, jasho likinitoka. Kitubio nilichopewa, yaani tendo la kulipia dhambi, kilikuwa ni kuisali sala hiyo hiyo kila jioni mpaka Pasaka, bila haraka.

Basi nikawa naisali, na kwa mara ya kwanza nikawa naisikia. Kilichonishika zaidi ni ile sababu ya kujuta. Sala haisemi nimetubu kwa kuwa naogopa moto, wala kwa kuwa watu wamenijua. Inasema: "ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza." Kanisa linafundisha kwamba yako majuto kamili, yatokanayo na kumpenda Mungu kuliko vyote, na yako majuto yasiyo kamili, yale ya kuchukizwa na ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu. Haya ya pili nayo ni zawadi ya Mungu, na yanamwandaa mtu kupokea msamaha katika sakramenti. Tusiyadharau. Mimi mara nyingi huwa sina mengine. Lakini sala inanitia mdomoni maneno ya yale majuto kamili ambayo moyo wangu bado haujayafikia. Nadhani hiyo ndiyo kazi yake: mdomo unatangulia, moyo unakuja nyuma ukichechemea.

Halafu ule mwisho. Miaka yote nilidhani inaishia kwenye kuomba msamaha. Kumbe inaishia hivi: "naomba neema yako nipate kurudi." Kurudi! Hata hatua za kurejea nyumbani naziomba, maana sina nguvu zangu mwenyewe. Nikamkumbuka yule mwana mpotevu wa Luka 15. Naye alikuwa na sala yake ya kutubu, aliitunga akiwa kwa nguruwe: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika, ile sehemu ya utumishi hakuisema. Baba alikwisha kugeuka kuagiza vazi na pete. (Mimi niliambiwa nirudie, yeye alikatizwa. Kila mtu na dawa yake.)

Wapo wanaodhani sala za toba ni za wanaoanza, au za waliofanya makubwa. Mtakatifu Agostino alikufa mwaka 430 huko Hippo, Afrika ya Kaskazini, mji ukiwa umezingirwa na wavamizi walioitwa Wavandali. Rafiki yake askofu Possidius ameandika kwamba mgonjwa yule aliagiza Zaburi za Daudi za toba zibandikwe ukutani, akawa anazisoma kutoka kitandani huku machozi yakimtoka. Alikuwa askofu kwa miaka 35 hivi, mwalimu ambaye Kanisa linamsoma mpaka leo, na alichotaka kukiona mbele ya macho yake ni maneno ya mkosefu. Mojawapo ya zile Zaburi 7 za toba, ile ya 51, "Unirehemu", husaliwa na Kanisa kila Ijumaa katika Masifu ya Asubuhi, sala yake rasmi ya kuianza siku.

Mtaniuliza: mbona unatuletea toba siku ya shangwe, vazi la zambarau tumekwisha kulikunja? Kwa sababu maondoleo ya dhambi ni zawadi ya Pasaka. Jioni ya siku ile ile ya ufufuko, milango ikiwa imefungwa kwa hofu, Yesu aliwavuvia wanafunzi wake akasema: "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Waliovuviwa ni wale wale waliomkimbia usiku wa Alhamisi.

Petro alikuwa na lake zaidi. Alimkana Bwana mara 3 akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohane 21 anatoka ziwani amelowa, na kitu cha kwanza anachokiona ufukweni ni moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nafikiri ile harufu peke yake ilimtosha. Bwana hakumtajia lile kosa. Alimlisha kwanza, ndipo akamwuliza mara 3: wanipenda?

Kwa hiyo kama Kwaresima imekupita bila kuungama, iwe ni kazi, aibu, au miaka imekuwa mingi mpaka hujui uanzie wapi, usijihesabu umechelewa. Kipindi cha Pasaka kina siku 50, mpaka Pentekoste. Dominika ijayo ni ya Huruma ya Mungu, iliyowekwa kwa Kanisa lote na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000, siku alipomtangaza Sista Faustina Kowalska kuwa mtakatifu. Tena, tukisema ukweli, foleni ya Juma Kuu imekwisha na hakuna wa kukuhemea mgongoni. Ukisahau maneno, mwambie padre umesahau. Atakusaidia. Mimi ni shahidi.

Mniombee, nami nawaombea. Jioni hii nitaisali tena ile sala, ingawa kitubio changu kimekwisha.

Kristo amefufuka. Kweli amefufuka, aleluya!