Hizo lenzi zako na maji ya tenki

Sasa Akinyi,

Uko aje huko Umoja, na mama anaendeleaje na mguu? Nimesoma meseji yako asubuhi nikaona wacha nikuandikie vizuri usome polepole. Nimefurahi sana umepata lenzi za kuvaa kwa jicho, ile shida ya miwani kushika mvuke kila ukiingia matatu siku ya mvua sasa imeisha, hongera kabisa. Lakini hapo umesema soluisheni, ile dawa ya kusafisha na kulaza lenzi, iliisha Jumapili ukazilaza kwa maji ya mfereji, aki hapo moyo wangu uliruka. Tafadhali usirudie, na hizo zenyewe usizivae tena, ziweke kando kwanza, jicho likiwa sawa uzitupe. Najua ni pesa, lakini tupa tu, nikishafika ufungue zingine.

Shida ya maji si ati yanaonekana machafu. Kuna amiba, kijidudu kidogo hakionekani kwa macho, anaitwa Acanthamoeba, anaishi kwa maji ya mfereji, ya tenki, ya swimingi, hata kwa udongo. Ukimnywa kwa kawaida hakufanyii kitu, lakini akinaswa kati ya lenzi na jicho anaweza kuingia kwa konea, ile sehemu ya mbele iliyo wazi kama kioo, na hiyo klorini ya maji haimmalizi kwa sababu anajifungia ndani ya ganda lake anangoja. Sasa fikiria sisi, maji ya mgao yanakuja siku zake, yakishafika yanakaa kwa tenki juu ya paa na kwa mitungi, nani anajua hiyo tenki ilioshwa lini. Na matibabu yake si ya mchezo, mwanzoni unatiwa matone kila saa mchana na usiku, halafu unaendelea na dawa miezi na miezi, kuna wenye huishia kubadilishwa konea. Maji ya chupa ya supamaketi pia hapana, ni safi ya kunywa lakini hayaui vijidudu. Kulowesha lenzi na mate ndio usithubutu kabisa. Kwa hivyo ukienda kuoga toa kwanza, swimingi pia toa.

Ile soluisheni ya jana nayo usiiongezee mpya juu, mwaga yote. Osha mikono na sabuni isiyo na mafuta mafuta, kausha kabisa na kitu kisichoacha nyuzi, weka lenzi kwa kiganja utie dawa uisugue taratibu na kidole pande zote, hata kama chupa imeandikwa haina haja ya kusugua, wewe sugua, ndio inatoa ule uchafu umeshika. Kikopo cha kulazia lenzi suuza na dawa hiyohiyo si maji, ukiinamishe wazi kwa tishu safi kikauke, na kila miezi 3 nunua kingine. Na usinunue salaini, yale maji ya chumvi, ukidhani umeokoa pesa, hiyo ni ya kusuuza tu, haiui kitu.

Kuvaa utazoea. Ikikaa kwa kidole iangalie kwa ubavu, kama midomo imesimama kama bakuli iko sawa, kama imetawanyika kwa nje imegeuka. Vaa kabla ya mekapu, toa kabla ya kuitoa mekapu. Na ukikata pilipili jioni, kama uko na zile za siku moja, heri uzitoe na kuzitupa kabla hujaingia jikoni, mimi nimeona mtu akilia kwa sinki, mikono ameosha na pilipili bado iko.

Lingine ni kulala nazo. Konea haina mishipa ya damu, inavuta oksijeni kutoka kwa hewa, sasa ukifunga jicho na lenzi iko ndani unaibana mara mbili. Wataalamu wanasema hatari ya maambukizi inapanda mara 6 hadi 8. Najua vile wewe hulala kwa gari ukitoka nait shifti, beba miwani kwa mkoba, ukimaliza kazi badilisha hapohapo. Na zile za mwezi hesabu zinaanza siku umefungua pakiti, si siku umevaa, hiyo watu wengi hawajui.

Sasa kwa vile umeshazivaa baada ya maji, leo jiangalie kwa kioo. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga ama ukiona ukungu, toa lenzi uende hospitali ya macho siku hiyohiyo, Lions kule Loresho ama Kikuyu, ubebe lenzi na kikopo chake wakapime. Usipitie kwa kemisti uambiwe ni aleji upewe matone, mengine yako na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, jicho linatulia kwa nje huku ndani linaharibika.

Jumamosi nakuja, nitakuletea chupa ya dawa na kikopo kipya. Mpaka nifike vaa miwani, na jioni nipigie unieleze hilo jicho la kushoto uliloniambia linawasha likoje.

Wako,
Mumbi