Mdogo wangu, kabla hujasaini fomu ya kufunga kizazi

Mdogo wangu, juzi kwenye simu nilikukatisha, sasa acha niandike hapa hadharani maana najua hauko peke yako. Umesema hii operesheni ya tatu ndo ya mwisho, wakishamtoa mtoto wakufunge hapohapo. Sawa. Ila umeuliza ufunge au usifunge, hujauliza wanafungaje, na mimi ndo nilipojikwaa.

Mi fomu nililetewa nikiwa nimeshalala thieta, ganzi ya mgongo imeshika, meno yanagongana kwa baridi, mtu kaishikilia juu ya kifua changu nisaini. Saini ilitoka kama ya mtoto wa chekechea. Baadae nikaonyeshwa kichupa, ndani vinyama viwili vya pinki kama viminyoo, nikajua mirija yote ya uzazi imetoka, kumbe wamekata vipande tu.

Hiyo ndo njia ya siku nyingi, wanaiita Pomeroy, mrija unakunjwa, unafungwa na uzi unaoyeyuka, kile kikunjo kinakatwa, uzi ukiisha ncha zinaachana. Ni haraka. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa 1996 uliwafuatilia waliokatwa hivyo baada ya kujifungua, ndani ya miaka 10 walioshika mimba ni kama 7 au 8 kwa kila 1,000, na ikitokea, uwezekano wa kutunga nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kawaida, kwa hiyo ukikosa siku zako na upande mmoja wa tumbo unauma usikae nyumbani. Klipu, yaani kibano kidogo cha kuubana mrija, mi nisingechagua, mrija wa mtu aliyetoka kujifungua umevimba, kibano hakishiki vizuri.

Ningerudi nyuma ningeomba watoe mirija yote miwili. Mimba baada ya hapo ni nadra mno, halafu saratani nyingi za ovari (vifuko vya mayai), ile aina kali, inaonekana huanzia kwenye mirija, sasa kama tumbo limeshafunguliwa na hiyo mirija huihitaji tena unaiacha ya nini? Ovari zinabaki, hedhi inaendelea kama kawaida, hayo ya kuzeeka ghafla ni maneno ya watu. Ila inaongeza dakika kadhaa mezani, mishipa ya damu pale imejaa kwa sababu ya ujauzito, na wewe ulishapasuliwa mara mbili, makovu ya ndani yanaweza kuwashinda wakaishia kukata kipande. Kwa hiyo ongea na daktari sasa hivi, kliniki, aandike kwenye faili mpango wa kwanza na wa pili.

Na hapo hamna kurudi, ukimtaka mwingine labda upandikizwe mimba hospitali (IVF). Una miaka 28, kwenye utafiti huohuo waliofunga kabla ya 30 karibu mmoja kati ya watano alikuja kujuta, nakwambia tu.

Halafu mguse na shemeji kuhusu vasektomi, yaani yeye mwanaume ndo afunge uzazi. Kwake ni sindano ya ganzi na dakika chache, anaenda nyumbani siku hiyohiyo, ila mtumie kinga kama miezi mitatu mpaka apimwe mbegu zionekane zimeisha. Ukishamwambia nipigie, nataka kujua sura yake ilikuwaje.