Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: MAZOEZI YA MTOTO KUISHI NA WENZAKE WAKATI WA LIKIZO

Habari za nyumbani. Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii, pamoja na tarehe ya kufungua shule, kwa hiyo alama sitazigusa hapa. Nataka tuongee kuhusu sehemu ya ripoti ambayo wengi huiruka: tabia na ushirikiano.

Muhula huu tuliwaomba walimu waachane na kauli kama "kuwa na adabu". Kauli hiyo haimwambii mtoto afanye nini. Badala yake tulichukua jambo mojamoja, tukaligawa katika hatua. Mwalimu akaonyesha, watoto wakaigiza wawili wawili, kisha wenzao wakaeleza walichokiona.

Chukua suala la kuomba kujiunga na mchezo. Mtu mzima hulidharau, lakini ugomvi mwingi wa wakati wa mapumziko huanzia hapo. Mtoto husogea, hutazama kwanza mchezo unaendaje, husubiri mpira utoke, ndipo huuliza, "Naweza kucheza na nyinyi?" Tuliwafundisha pia namna ya kupokea jibu la hapana, maana watalipata. Kuna mwanafunzi ambaye zamani akinyimwa nafasi alikuwa anaubutua mpira nje ya uwanja. Karibu na kufunga shule nilimsikia akisema, "Haya, mkianza mwingine mniite," akaenda kukaa pembeni amenuna. Kununa ni ruksa.

Tatizo ni kwamba aliyeweza hayo uwanjani huenda asiyaweze sebuleni. Stadi isiporudiwa mahali pengine na kwa watu wengine hubaki palepale mtoto alipojifunzia. Ndiyo maana naomba mtumie nyumbani maneno yaleyale tunayotumia darasani. Mtoto aliyeudhika anataja anavyojisikia, anataja kilichotendeka, kisha anaomba: "Nimekasirika kwa sababu umechukua kalamu yangu bila kuniomba. Naomba uirudishe." Ndugu wakigombana, msikimbilie kuhukumu. Kila mmoja aseme lake kwa mtindo huo, na mwenzake arudie alichosikia kabla hajaanza kujitetea. Siku za mwanzo watacheka. Endeleeni tu. Kumlazimisha mtoto atamke "samahani" akiwa bado amefura hakusaidii. Mwacheni atulie, kisha mwulizeni atarekebishaje alichokiharibu.

Mnapomsifu, semeni mlichokiona: "Umemsubiri mdogo wako amalize kuongea." Hapo anajua cha kurudia kesho. Kumkosoa kufanyike faragha, si mbele ya wageni.

Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa. Watoto hao walipopata nafasi na mdoli, wengi waliiga mapigo yale, na baadhi hata maneno. Hakuna aliyewafundisha, walitazama tu. Basi tukimkataza mtoto kukatiza maneno ya watu, huku yeye akiongea nasi tumeinamia simu, atafuata anachokiona. Na mzazi akimkosea mtoto, amwombe radhi waziwazi. Heshima yake haipungui.

Mtoto mkimya si lazima awe na kasoro. Wapo wanaotosheka na rafiki mmoja. Wenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna ya kuwasiliana na watu, wanaweza kuona taabu kumtazama mtu machoni ilhali wanasikiliza vizuri, kwa hiyo wasilazimishwe. Lakini mtoto anayependa kucheza na wenzake akianza kujitenga ghafla, hilo ni jambo jingine: anaweza kuwa anaonewa. Msisubiri shule ifunguliwe, mpigieni mwalimu wa darasa.

Nyuma ya ripoti kuna nafasi ya maoni ya mzazi. Andikeni jambo moja ambalo mtoto ameliweza likizoni na moja linalomshinda, mtie saini, arudi nayo siku ya kufungua. Walimu wa madarasa wataanza muhula na hayo mtakayoandika.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu