Mutoto apande Sinhagad, ila si Juni

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya ule mama wa komini Kenya ya huku Lubumbashi mwenye mutoto wake anasoma Pune, India, eti ye na barafiki banajipanga kupanda ngome ya zamani juu ya mulima Jumapili moja ya Juni na mama hataki kutuma feza. Miye pia nilisoma kule, ile ngome ni Sinhagad, ninaijua. Mama, acha aende, lakini si Juni.

Huku Lubumbashi Juni ni kiangazi, baridi ya asubui na vumbi tu, basi muntu anawaza njo mwezi wa kutembea. Kule ni kinyume, mvua njo inafungua mpaka Septemba, njia ya miguu ya Atkarwadi, kijiji cha chini ya mulima, inakuwa matope na mawe ya kuteleza, ukungu unafunika hata mwenye iko mbele yako haumuone, na Jumapili Pune yote iko pale, juu bale bantu mvua banaipenda, banatoka nje kuishangilia kabisa! Bangoje kati ya Novemba na Februari, tena siku ya kazi kama shule inaruhusu.

Urefu usimutishe. Kilele kiko metre 1,312 juu ya bahari, na Lubumbashi yetu iko karibu 1,200, hewa ni ileile. Shida ni kwamba unaanzia chini sana, unapanda kama metre 600 hivi karibu bila tambarare, jua likishapanda unajuta. Kwa hiyo basi ya kwanza kabisa ya Swargate, stasio ya mabasi ya Pune, maji litre mbili kila muntu, viatu vyenye meno, si sapato ya misa. Chakula basibebe, juu kule banapika mikate ya mtama na mchuzi muzito wa unga wa dengu, na maziwa ya kuganda ndani ya vyungu vidogo, wee! Bakuwe tu na noti ndogondogo za kulipa.

Na basiishie kupiga foto mulangoni. Baende kwenye jabali lenye Tanaji Malusare, mukubwa wa askari wa Shivaji, na bantu bake balipanda na kamba usiku wa tarehe 4 Februari 1670, kumunyanganya Udaybhan, mulinzi wa Wamoguli, batawala ba India ya wakati ule, ile ngome kwa ajili ya Shivaji, mukubwa wa Wamaratha. Bote babili balikufa usiku ule. Kuna hadisi eti kenge njo alibeba kamba, miye siamini, kenge gani wa kubeba uzito wa askari? Ila pale ukingoni simu baweke mufukoni.

Kushuka ni mbele ya saa sita. Mama aongeze feza kidogo ya jeep ya pamoja, juu magoti yanaumia kwa kushuka kuliko kupanda, na ile jeep banajaza mpaka mulangoni, mutoto akatae kukaa pembeni.

Musomaji wenu, Kamalondo