Rudini Mtuambie Mlichokiona

Wanangu watafiti mnaokuja Kasese, hapa Uganda, na tableti mkononi,

Salamu kutoka Kilembe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kiswahili hiki nilikiokota utotoni kwenye nyumba za wachimba shaba, ambako baba zetu walitoka makabila mengi na walihitaji lugha moja ya kusikilizana. Kila mwaka nawaona mkishuka kwenye boda boda, vitambulisho shingoni, mkiulizia kaya zenye yatima, wasichana walioacha shule kwa mimba, na watoto ambao mto Nyamwamba ulizoa nyumba zao Mei 2020. Mara nyingi mimi ndiye ninayewaonyesha njia, ndiyo maana leo nawaandikia.

Kuuliza mnajua. Kinachoniuma ni kwamba hamrudi.

Jirani yangu mmoja, mjane, alikaa na kijana mmoja wa kwenu tangu asubuhi hadi jua la utosi. Aliulizwa paa lake ni la nini, jana walikula mara ngapi, anadaiwa ada ya mihula mingapi. Alimkopea mgeni soda dukani. Mwishoni akatia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Kijana hakumdanganya, nina hakika alisoma maelezo yote kama alivyofundishwa. Lakini kwa mama yule, mtu akija kuandika shida zako na kukutilisha dole, ameandika jina lako kwenye msaada. Alisubiri muhula mzima. Binti yake alisubiri naye nyumbani, kwa sababu hakuona haja ya kuhangaikia ada inayokuja.

Basi semeni mlangoni, kabla ya swali la kwanza na kwa lugha ya nyumba ile, kwamba hamgawi kitu. Mrudie tena mkiaga. Na kama kuna msaada utakaogawiwa kwa kura, kura ipigwe hadharani wazazi wakiona, wala isiletwe kama orodha iliyotoka Kampala. Mtoto aliyekosa akijua ni bahati hataumia kama anayedhani alionekana hafai.

Msidhani nadharau utafiti. Nimeuona ukifanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chaki tulinunua kwa michango ya wazazi, nasi tukiamini serikali haina fedha. Watafiti wakaifuata ruzuku ya wanafunzi kutoka hazina hadi shuleni. Wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizopaswa kufika shuleni zilifika 13 tu, na shule nyingi hazikupata hata moja. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zilikuwa zikifika kama 80 katika kila 100. Wasomi wengine wamebisha kwamba gazeti peke yake lisingeweza, kulikuwa na mageuzi mengine wakati uleule. Huenda ni kweli. Mimi nakumbuka karatasi kwenye mlango wa ofisi yetu, na wazazi wasiojua kusoma wakiwasukuma watoto wao mbele: soma hapo, kwa sauti, wameandika ngapi? Takwimu ile iliwafikia wenye watoto, nao wakaanza kuuliza.

Sasa tazameni habari ya kule Lango, kaskazini. Watoto wa darasa la kwanza walifundishwa kusoma kwa lugha yao. Pale ambapo walimu walifunzwa kwa kina, wakafuatwa hadi darasani na kupewa vitabu na vibao vya kuandikia, watoto walipiga hatua kubwa sana. Shule nyingine zilipewa mpango huohuo uliopunguzwa gharama: mafunzo yakapitia kwa maofisa, vibao vikaondolewa. Faida ya kusoma ikawa ndogo, na katika sehemu fulani za kuandika watoto wakawa nyuma hata ya wale ambao hawakupewa chochote. Kibao, wanangu! Mimi niliisikia habari hii kwa mwanafunzi mmoja wa chuo aliyelala kwangu kwa sababu ya mvua. Walimu wa huku wanaopunguziwa vifaa kila mwaka hawajaisikia, na wao wangejua la kufanya nayo.

Jambo jingine ni maswali yenyewe. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili hiyo wapo watoto waliozoea kazi ya kuchimba chumvi kule Ziwa Katwe. Mkimuuliza mmoja wao, "Unasoma?" atawajibu "Ndiyo", na hasemi uongo, jina lake liko kwenye rejista. Muulizeni juma lililopita aliingia darasani siku ngapi. Kisha tazameni viganja vyake, chumvi huvichana.

Mkimaliza hesabu zenu, njooni. Msitume ripoti kwa ofisi ya wilaya mkadhani mmetuambia. Njooni Jumapili baada ya ibada, msije siku ya soko, mtukute chini ya mti pale shuleni. Karatasi moja inatosha, kwa Lhukonzo, lugha ya huku, au Kiswahili: tuliuliza hiki, tukakuta hiki, hiki hatukukielewa. Mtuache tubishane nanyi. Wapo bibi hapa watakaowaeleza ndani ya dakika kumi kwa nini wasichana wa darasa la sita hupotea muhula wa tatu.

Mwaka jana mliwapa watoto wa mtaa wetu hadithi fupi waisome, mkabonyeza alama kwenye tableti, mkaenda. Kuna msichana mmoja, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, bado hunisimamisha njiani.

"Mwalimu, walisema nilisoma vizuri?"

Mzee wenu, Kilembe