Furu wa bwawani hatavunja konokono

Mhariri,

Makala yenu iliyopendekeza kuzalisha furu (samaki wadogo wa maziwa yetu) wanaokula konokono kwenye mabwawa, kisha kuwaachia kwenye mifereji ya mpunga ili kupunguza kichocho, ugonjwa unaobebwa na konokono wa majini, haikugusa kabisa taya za samaki hao. Mradi wa namna hii hufia hapo.

Furu ana taya za aina mbili. Za mdomoni hukamata chakula. Za kooni, nyuma ya matamvua, hukisaga. Taya ya chini ya kooni ni mfupa mmoja wa pembetatu, na misuli huuvuta juu mpaka ukabane na taya za juu, ambazo zimeegemea fuvu. Kwa Astatoreochromis alluaudi wa Ziwa Victoria, anayekula konokono, mfupa huo ni mnene na meno yake ya katikati ni butu, mapana kama magego. Hapo ndipo gamba hupasukia.

Unene huo samaki hazaliwi nao wote. Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alionyesha kwamba samaki wa spishi hiyo hiyo wakikuzwa kwa chakula laini hubaki na mfupa mdogo na meno membamba. Mwaka 2013 likachapishwa jaribio lililokwenda mbali zaidi: kundi moja lililishwa konokono wazima, jingine konokono waliokwisha kusagwa. Chakula kilekile, tofauti ugumu tu, na bado jeni zaidi ya 100 za taya zilifanya kazi kwa viwango tofauti. Mfupa unaobanwa kila siku huongezeka. Meno nayo huota upya maisha yote, kwa hiyo umbo lake hufuata kazi.

Sisemi urithi hauna nafasi. Kule Ziwa Nyasa, furu aitwaye Labeotropheus fuelleborni ana taya ya mdomoni fupi nene ya kukwangua mwani mwambani, mwenzake Metriaclima zebra ana ndefu nyembamba, na tofauti hiyo huonekana mapema sana, huku jeni ya bmp4 ikihusishwa nayo. Urithi huweka mipaka. Ndani ya mipaka hiyo, kwa alluaudi, chakula kina sauti kubwa.

Kameruni walishajaribu. Samaki walioachiwa mabwawani waligeukia chakula laini, taya za vizazi vilivyofuata zikadhoofu, konokono wakabaki. Kwa nini samaki ahangaike na gamba wakati mabuu ya wadudu yamejaa?

Anayetaka kujaribu tena asiwalee vifaranga kwa pumba. Awape konokono wazima, wadogo kwanza, kisha wakubwa kadiri samaki wanavyokua. Atumie konokono aitwaye Melanoides, mwenye gamba gumu, ambaye habebi kichocho chetu. Biomphalaria na Bulinus ndio wabebaji, na kuwaokota kwa mikono mitupu ni kujitafutia ugonjwa. Kabla ya kuachia kundi, achinje wachache, atoe mfupa wa kooni, auchemshe kidogo na kuusugua kwa mswaki. Akikuta meno ya katikati yamechongoka, kundi hilo halijawa tayari. Hata likiwa tayari, likikuta mabuu tele mferejini litarudi kulekule kwa Kameruni.

Wala asiwahamishie samaki hawa nje ya bonde la Victoria. Ya sangara, aliyeletwa Ziwa Victoria akamaliza furu wengi, tunayajua. Kwa mifereji mingi, kung'oa magugu wanamotagia konokono na kuikausha mifereji baada ya mavuno kutagharimu kidogo kuliko bwawa la vifaranga.

Msomaji wenu,
Mwanza