Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wanaosomea uzamili wa maabara wapewe vitendanishi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Mtwara. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mkoa, na ninaandika kuhusu wenzangu wanaokwenda kusomea shahada ya uzamili lakini wakakosa vitendanishi, yaani kemikali na vifaa vya kupimia sampuli.

Nafasi za masomo zipo, tena hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Muhimbili wanafundisha mikrobiolojia (elimu ya vimelea) na kinga ya mwili, na tangu 2008 kuna mafunzo ya epidemiolojia ya vitendo, yaani ufuatiliaji wa milipuko ya magonjwa, yenye mkondo wa maabara. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana biolojia ya molekuli kwa mtazamo wa Afya Moja, unaotazama afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja. Hatulazimiki tena kusubiri udhamini wa Ulaya, na kwa hilo Serikali inastahili shukrani.

Wengi hukwamia kwenye utafiti. Chukulia mwanafunzi anayetaka kujua vimelea vya UTI kwa wajawazito vimekuwa sugu kwa dawa zipi. Mkojo unaoteshwa kwenye sahani ya aga (rojo iliyoganda ya kulishia vimelea) na kulazwa usiku kucha ndani ya inkubeta, kabati lenye joto maalumu. Vimelea vikiota, vinatambuliwa, vinapakwa kwenye sahani nyingine na kuwekewa vidiski, yaani vikaratasi vidogo vya duara vyenye antibiotiki. Kesho yake unachukua rula na kupima, kwa milimita, duara ambalo vimelea vimeshindwa kuota. Ni kazi ya kawaida kabisa, ila kila sampuli inakula sahani, vidiski na glavu, na hata vimelea vya kuhakiki ubora wa kipimo vinanunuliwa.

Ada imelipwa, posho ya kujikimu ipo, lakini fungu la vitendanishi ni dogo au halipo kabisa. Nimeshuhudia wenzangu wakibadili mada dakika za mwisho, wakaacha kuotesha vimelea na kugawa dodoso kuhusu uelewa wa wagonjwa juu ya matumizi ya antibiotiki. Siyadharau madodoso. Kinachoniuma ni kwamba mtu anarudi kazini na shahada ya maabara bila kuwa ameshika jambo lile lile lililompeleka shule, na daktari wa wodini anaendelea kuandika dawa kwa kubahatisha.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti uliopitia maabara zipatazo 50,000 katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Zilizokuwa na uwezo wa kupima bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Hakuna shahada inayoweza kuziba pengo hilo kama mwenye shahada hakufundishwa kwa vitendo.

Sisi wa Mtwara tunalielewa jambo hili kwa namna yetu. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilipolipuka Newala, mkoani kwetu, mwaka 1952, damu ya wagonjwa ilipelekwa hadi Entebbe, Uganda, na kirusi kikagunduliwa huko. Januari 2025 mambo yalikuwa tofauti: Marburg, homa hatari ya virusi, ya Biharamulo ilibainika kwenye maabara inayotembea ya Kabaile, ndani ya Kagera yenyewe, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Uwezo huo umejengwa na watu waliofundishwa mbele ya mashine, na nautaka ufike kila mkoa.

Ombi langu, Mheshimiwa: kila mtumishi wa maabara anayefadhiliwa na Wizara kusoma uzamili atengewe vitendanishi vya utafiti wake tangu siku anapopata barua ya ufadhili. Asipewe fedha mkononi. Vinunuliwe kupitia Bohari ya Dawa pamoja na mahitaji ya hospitali, ili bei ishuke na pasiwe na shaka ya matumizi. Na pale inapowezekana, sampuli zipimwe katika hospitali ya mkoa anakotoka mwanafunzi. Anaowaacha kwenye benchi watajifunza pamoja naye, na majibu yatamfikia daktari wiki ile ile badala ya kusubiri tasnifu ifungwe jalada.

Bajeti ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa. Naomba fungu hili liingizwe kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara,
Mtwara